Tini, mashine, msaidizi au oveni kubwa: kipi kitaongeza mikate yako Mtwara na Lindi?

Oda zikifika mikate 80 kwa siku na jikoni inatoka 46, karibu kila mwokaji wa nyumbani huanza kuulizia bei ya oveni kubwa. Hiyo ndiyo njia yenye gharama kuliko zote, na mara nyingi inaongeza mikate minane tu. Hapa tunapambanisha vitu vinne vinavyogombea pesa ile ile: tini za ziada, mashine ya kukandia, msaidizi na oveni kubwa. Kisha tunaingia kwenye oveni yenyewe, iwe ya mkaa, ya gesi au ya umeme, kwa hali ya joto, umeme na soko la Kusini.

Jiko la mfano

Chukua jiko la mtu mmoja. Oveni ni ya gesi, inabeba tini 8, nne juu na nne chini. Tini ziko 16 tu, na unga unakandwa kwa mkono. Kwa kila kilo 1 ya unga wa ngano: maji ml 580, sukari g 60, mafuta g 50, chumvi g 16, hamira ya chenga g 10.

Mkando mmoja wa unga kilo 4.3 unatoa madonge 16 ya g 450, na mkate ukishaiva na kupoa unabaki na g 400 hivi. Kwa vipimo hivyo mfuko wa kilo 25 unatoa mikate 93. Ukiona unapata chini ya 88, kuna g 25 au 30 zinazopotea kwenye kila donge. Kwa mkando wa mikate 16, ziada ya g 30 kila mmoja ni g 480, yaani mkate mzima umegawa bure. Kabla ya kununua chochote kwenye makala hii, nunua mizani ya dijitali inayosoma gramu moja moja.

Sasa dakika. Kwa mkando mmoja wa mikate 16, mikono inashughulika hivi: kupima 10, kukanda 20, kukata na kuviringisha 20, kupaka tini mafuta 5, kuingiza na kutoa oveni mara mbili 10, kufunga kwenye mifuko 12, kuosha vyombo 8. Jumla ni dakika 85. Muda wa kuumuka hauhesabiwi hapa, kwa sababu unga unaumuka wenyewe na wewe unaendelea na mambo mengine.

Oveni inachoma mkupuo mmoja (tini 8 kwa pamoja) kwa dakika 30 kwenye nyuzi 190 hadi 200, na dakika 10 nyingine zinakwenda kwa kutoa, kuingiza na kusubiri joto lirudi. Mikupuo miwili ni dakika 80.

Tini ndizo watu wanazisahau. Tini moja inashikwa tangu donge linapoviringishwa (20), linapoumuka mara ya pili (45), linapochomwa (30) hadi inapopoa na kufutwa (10). Hizo ni dakika 105 kwa tini nane za kwanza. Nane za pili zinasubiri oveni dakika 40 zaidi, kwa hiyo wastani ni 125. Ukiwa na tini 16 tu, huwezi kuviringisha mkando mwingine hadi hizo zirudi, hata kama oveni iko wazi na mikono imekunjwa.

Gawanya saa 6 za kazi (dakika 360) kwa kila moja ya namba hizo (85, 80 na 125), zidisha kwa mikate 16, na utapata kikomo cha kila upande. Ni saa 6 za kazi ikishashika mkondo. Mkando wa kwanza unachukua karibu saa 2 na nusu tangu kupima hadi tini kuingia ovenini, na huo muda uuweke pembeni.

| Jiko | Kikomo cha tini | Kikomo cha mikono | Kikomo cha oveni | Mikate inayotoka |
|---|---|---|---|---|
| Lilivyo sasa | 46 | 67 | 72 | 46 |
| Oveni ya tini 16 peke yake | 54 | 67 | 144 | 54 |
| Tini 16 za ziada | 92 | 67 | 72 | 67 |
| Tini za ziada na mashine | 92 | 82 | 72 | 72 |
| Tini za ziada na msaidizi | 92 | 104 | 72 | 72 |
| Tini za ziada, msaidizi na oveni kubwa | 109 | 104 | 144 | 104 |

Jiko linatoa kile kinachoruhusiwa na namba iliyo ndogo kuliko zote kwenye mstari wake. Oveni kubwa kwenye jiko lenye tini 16 na mtu mmoja ni kabati la moto: inapashwa kikamilifu, inachoma mkupuo mmoja, kisha inangoja.

Tini za ziada dhidi ya vingine vyote

Kwa jiko hili, tini zinashinda bila mjadala. Zinaongeza mikate 21 kwa siku, hazili umeme wala gesi ya ziada ya maana, na fundi bati wa sokoni anaweza kuzikunja ukimpelekea moja ya mfano. Mwambie mambo mawili. Kwanza, vipimo vyote viwe sawa hadi milimita, maana tini pana kidogo inatoa mkate mfupi na mteja ataudharau hata kama uzito ni ule ule. Pili, mikunjo ya pembeni isiwe na risasi ya kuunganishia, ikunjwe tu. Risasi ni sumu, na ile ya kulehemu inayeyuka kwenye joto karibu na hilo la oveni yako.

Tini mpya zisianze kazi siku ya oda kubwa. Zioshe, zipake mafuta kidogo sana, zichome tupu kwa nyuzi 200 dakika 40, ziache zipoe, rudia mara mbili. Bila hivyo mikate ya wiki ya kwanza itang'ang'ania na kuchanika kitako.

Msaidizi au mashine?

Kwenye jedwali zote mbili zinaishia 72, kwa sababu oveni ndiyo imebana. Tofauti inaonekana baadaye, oveni ikipanuka: msaidizi amefikisha mikono 104, mashine 82 tu. Mashine inaokoa dakika 15 kwa mkando. Msaidizi anayefunga, kuosha na kuviringisha nusu ya madonge anaokoa 30. Kwa hiyo kwa mikate, msaidizi wa saa chache anaanza. Mashine ina maana ya haraka pale tu mabega yako yameshasema basi, au unakanda zaidi ya mara tano kwa siku.

Kupima hamira na chumvi usimwachie mtu mpya. Mkando uliosahaulika chumvi unaumuka kwa kasi, unapendeza machoni, na kwenye oveni unakunjamana; kosa linaonekana wakati limeshakula unga kilo 4.

Ukinunua mashine, usidanganywe na lita za bakuli. Bakuli la lita 20 lenye ndoano moja inayozunguka lisipitishwe kilo 4 hadi 5 za unga wa mkate. Zile ndogo za mezani za kutengenezea keki zinamudu kilo moja hivi, tena kwa kupumzishwa. Ukizilazimisha, mota inanuka kabla ya mwezi kwisha. Na mashine ina gharama ya pili ambayo muuzaji haitaji: inapasha unga joto.

Hapo tukae kidogo, kwa sababu kwa pwani ya Mtwara na Lindi hili linaharibu ratiba kuliko kukatika kwa umeme. Kati ya Novemba na Machi jikoni kuna nyuzi 32 mchana, na unga wenyewe kwenye mfuko uko 31. Unataka donge litoke kwenye kukandwa likiwa na nyuzi 27. Hesabu ni hii: 27 mara 3 ni 81, toa joto la unga, toa joto la hewa ya jikoni, toa joto la msuguano (3 kwa mkono, 10 hivi kwa mashine). Kinachobaki ndicho joto la maji. Kwa mkono ni 81 − 31 − 32 − 3, sawa na nyuzi 15. Kwa mashine ni nyuzi 8.

Maji ya mtungini yako kwenye nyuzi 26 hivi. Kwa lita 2.5 za mkando wetu, kuyashusha hadi 15 kunahitaji barafu g 260 na maji yaliyobaki lita 2.24. Kwa mashine barafu ni g 420. Barafu ipimwe pamoja na maji, isiongezwe juu yake, la sivyo donge litakuwa tope. Kwa mkono, iache iyeyuke yote kabla ya kumwaga kwenye unga.

Usipofanya hivyo, donge linatoka na nyuzi 31 au 32 na linaumuka kwa dakika 25 badala ya 45. Mkando wa kwanza haudhuriki. Wa pili unafika tayari wakati oveni bado ina wa kwanza, wa tatu unaumuka juu ya kingo za tini ukisubiri zamu, na unapoingia ovenini unalala katikati kama kitanda kibovu. Mwokaji anasema oveni ni ndogo. Oveni haijabadilika, maji ndiyo yalikuwa moto.

Newala na Tandahimba, juu ya uwanda wa Makonde, tatizo linageuka. Alfajiri za Juni na Julai ni za baridi, donge kwenye tini linaweza kuhitaji dakika 75. Tini zinakaa kazini wastani wa dakika 155, na tini 32 ambazo Mtwara mjini zinatosha mikate 92, huko zinaishia 74. Anayeishi huko aongeze tini, au afunike madonge kwenye kabati lenye sufuria ya maji ya moto chini.

Oveni ikishakuwa ndiyo imebana: mkaa, gesi au umeme

Umefika 72, tini zipo, msaidizi yupo, na oda bado zinapita. Sasa ndipo oveni inunuliwe.

Ya mkaa iliyoundwa na fundi ndiyo inayotoa nafasi kubwa kwa pesa ndogo. Tini 24 si ajabu. Lakini inataka macho: moto wa chini na wa juu unasawazishwa kwa mkono, tini zinazungushwa katikati ya muda, na inapashwa dakika 40 kabla ya mkupuo wa kwanza. Weka dakika 15 za ziada kwa kila mkando, na mtu aliye peke yake anashuka kutoka mikate 67 hadi 57. Kwa hiyo oveni ya mkaa bila msaidizi ni hasara iliyovaa sura ya unafuu. Mkate wa kitako cheusi na kichwa cheupe unasema makaa ya chini yamezidi; fundi akutandikie sahani ya chuma yenye nafasi ya sm 3 juu ya makaa, na kuta zake azijaze majivu au udongo wa kuchoma. Masika mkaa uwe ndani. Uliolowa unapoteza sehemu ya joto lake kujikausha wenyewe. Na maganda ya korosho, ambayo huku yanapatikana kwa wingi, usiyatie humo: mafuta yake yanatoa moshi unaowasha macho na kifua, na mkate unauchukua.

Ya gesi ya mtungi inafika joto kwa dakika 15 na inadhibitika. Kichomeo cha kilowati 3 kikiwaka kwa nguvu yote kinakula g 220 hivi kwa saa. Saa 6 ni kilo 1.3, kwa hiyo mtungi wa kilo 15 unakupa siku 11 au zaidi kidogo, maana moto haukai juu muda wote. Andika tarehe ya kufungua kwenye mtungi kwa kalamu ya wino mzito. Siku ya tisa mtungi wa akiba uwe tayari, si siku unayoona moto unageuka njano. Udhaifu wa oveni nyingi za gesi za nyumbani ni shelfu ya chini kuiva mapema. Badilisha shelfu dakika ya 18, mkate ukishashika umbo. Ukifungua mlango kabla ya hapo unaupoteza.

Jambo moja linalochanganya watu wa Mtwara: gesi ya Mnazi Bay si ile ya mtungini. Hiyo ni gesi asilia na inakuja kwa bomba. Nyumba kadhaa mjini zimeunganishwa na TPDC, shirika la taifa la petroli. Oveni iliyotengenezewa mtungi haifai kuchomekwa kwenye bomba hivi hivi, kwa sababu matundu ya vichomeo ni ya ukubwa tofauti. Fundi anayejua kazi abadilishe matundu hayo kwanza.

Ya umeme ndiyo inayochoma sawasawa, hasa yenye feni, na haihitaji mtu wa kuisimamia. Hesabu yake iko kwenye LUKU. Oveni ya kilowati 3 kwa saa 6 inakula uniti 9 hadi 12, maana haivuti muda wote. Kwa siku 26 ni uniti 234 hadi 312. Kama nyumba yako iko kwenye kundi la matumizi madogo la D1, lenye kikomo cha uniti 75 kwa mwezi, ujue umeshakivuka kabla ya tarehe 10, na uniti zinazozidi zina bei ya juu. Oveni hiyo pia isichomekwe kwenye soketi ya kawaida ya ukutani: inavuta ampea 13 kwa saa nyingi mfululizo, na soketi inaanza kuyeyuka taratibu nyuma ya ukuta ambako huioni. Ipewe waya wake wa mm 4 za mraba na swichi yake kwenye boksi la umeme.

Umeme ukikatika mkate ukiwa na dakika 20 ovenini, usifungue mlango. Oveni nzito inaweza kuumalizia. Ukiwa na dakika 5, umekwenda. Madonge yaliyo nje yaliyoumuka yapondwe, yakatwe g 50, yaumuke tena nusu saa na yakaangwe kwenye jiko la mkaa. Huuzi mkate siku hiyo, lakini unga haukutupwa.

Kwa mtu wa Mtwara au Lindi mjini anayevuka mikate 72, chaguo letu ni gesi, na mkaa uwe wa akiba. Kwa Nachingwea, Liwale au kijiji ambako mtungi wa kujaza unaweza kukosekana wiki nzima, oveni ya mkaa yenye msaidizi ndiyo salama. Umeme uchukuliwe na anayeoka keki zaidi ya mikate.

Au ubadilishe bidhaa

Kuna njia ambayo haigusi mfuko. Oveni ile ile ya tini 8 inabeba trei mbili, kila moja ikiwa na skonzi 24 za g 60. Zinaiva kwa dakika 15, mzunguko wote ni 22, kwa hiyo ni skonzi 130 kwa saa. Kwa uzito, oveni inapitisha kilo 7.8 za unga uliokandwa kwa saa badala ya 5.4 za mikate. Aliyebanwa na oveni au tini ahamishie theluthi ya oda kwenye skonzi. Aliyebanwa na mikono asithubutu, maana kila skonzi inataka sekunde 15 za kupima na kuviringisha, na saa moja ya oveni inakula zaidi ya nusu saa ya mikono kabla hata ya kufunga.

Keki ziwekwe mwisho wa zamu, oveni ikishuka hadi nyuzi 170. Kuzichanganya na mikate kwenye mkupuo mmoja kunaharibu vyote viwili. Krimu ya siagi haisimami kwenye joto la mchana la pwani. Pambia jioni, peleka asubuhi. Kuanzia Oktoba, pesa za korosho zikianza kuingia, oda za harusi na sherehe zinakuja kwa mkupuo, na hapo ndipo waokaji wengi wanavunja ratiba ya mikate ya kila siku na kuwapoteza wenye maduka.

Zamu ya alasiri au ya usiku

Mwenye genge au kijiwe cha chai anataka mkate saa 12 asubuhi. Mkate unapoa kwa saa 1 na nusu hadi 2 kabla ya kufungwa. Ukifungwa wa moto, kwa unyevu wa pwani unaota ukungu siku ya pili au ya tatu, na duka linakurudishia. Zamu ya usiku, kuanzia saa 4, ina jiko la nyuzi 25 na haihitaji barafu nyingi, lakini inakumaliza mwili. Zamu ya saa 7 mchana hadi saa 1 jioni inaruhusu mikate kupoa hadi saa 3 usiku na kufungwa bila haraka. Barafu hapo ni lazima. Ramadhani haina mjadala: wanunuzi wanataka kabla ya futari, kwa hiyo mkupuo wa mwisho utoke si zaidi ya saa 9 alasiri.

Ukifikia mikate 104, takriban 35 inapoa kwa wakati mmoja. Shelfu ya sm 60 kwa 100 inabeba 16 yenye nafasi ya hewa, kwa hiyo unahitaji tatu, karibu na dirisha lenye wavu, upande wa pili wa mahali unapopimia unga. Mpangilio huo wa unga kuingia upande mmoja na mkate kutoka upande mwingine bila kupishana ndio pia utakaotazamwa ukipeleka maombi TBS (Shirika la Viwango Tanzania), ambao tangu 2019 ndio wanaosajili majengo ya chakula. Ofisi za SIDO, shirika la viwanda vidogo, Mtwara na Lindi zinasaidia wajasiriamali wadogo kwenye hatua hizo.

Kabla ya kulipa chochote, tundika karatasi ukutani kwa siku tatu. Andika saa kila mkando unapoanza, unapoingia ovenini na unapotoka. Kila oveni inapokaa moto na tupu, andika ilikuwa inasubiri nini: tini, donge au mtu. Neno litakalojirudia zaidi ndilo la kununua.